Alama za Siku za Mvua

Tuliokuwepo asubuhi ile ni hawa: mzee mmoja wa Matombo, ndugu wawili Wanyamwezi waliobaki huku baada ya kazi ya reli, Wakaguru wawili, mimi, nyapara wetu, na meneja Mdachi aliyesimama barazani na kikombe chake cha chai. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Shamba lilikuwa la mpira, mwendo wa saa nne kutoka mjini Morogoro. Miti yake ilifanana na muhogo, ila haikuwa na cha kula chini yake. Wenye kampuni walikaa Ulaya na kila mwaka waliagiza miche mingine ipandwe, hata pale bei ya mpira ilipoanza kushuka. Mashine ya kusafishia utomvu ilikaa kituo cha reli mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuagiza gari la kuileta. Mwishowe tuliibeba vipande vipande kichwani, na ilipounganishwa tukaambiwa kuna chuma hakikuletwa.

Mimi nilikwenda kufanya kazi pale baada ya mama kufariki. Baba alikuwa amekwisha kutangulia. Niliacha shule ya misheni huko juu mlimani nikiwa ninajua kusoma na kuandika kidogo, nikabaki na wadogo watatu na nyumba moja, na nyumba ilidaiwa kodi kama nyumba nyingine zote.

Kila mfanyakazi alikuwa na kipande, karatasi ngumu yenye visanduku thelathini. Ukifanya kazi siku moja, jioni meneja anatia mstari katika kisanduku kimoja. Vikijaa thelathini unalipwa rupia zako na unaruhusiwa kwenda. Visipojaa wewe ni wa shamba, na ukikutwa njiani askari anakurudisha.

Mimi nilikuwa na mistari ishirini na sita mvua ilipoanza. Siku za mvua utomvu haugemwi, kwa hiyo meneja alisema si siku za kazi, hatii mstari. Lakini hatukukaa bure. Tulipalilia, tulihamisha miche, tulizibua mifereji. Siku nane zilipita hivyo. Nilikuwa na kipande cha kalamu ya risasi nilichotoka nacho misheni, nikawa ninaandika siku hizo nyuma ya vipande vyetu sote sita.

Jumapili watu wa kwetu walioteremka sokoni waliniambia kuwa shamba letu bado ni majani matupu, na wadogo zangu wameanza kula mahindi ya mbegu. Mvua ile ile iliyoninyima mistari ndiyo niliyopaswa kupandia. Nisipofika mapema, mwaka ule wasingekuwa na chakula.

Usiku uliofuata tulizungumza kibandani. Yule Mnyamwezi mdogo alinicheka.

“Mtani, nyie Waluguru mkinusa mvua tu mnataka kukwea mlima.”

“Na nyie mkinusa njia tu mnataka mzigo,” mzee alimjibu kwa niaba yangu.

Kisha mzee akaeleza shauri lake. Kwetu, mtu akialika watu kumlimia, huwaonyesha kwanza mtungi wa pombe, ndipo majembe yanapoinuliwa. Basi na sisi tutake mstari asubuhi, kabla ya kushika jembe. Tulikubaliana sote.

Hivyo asubuhi ile tulijipanga mbele ya baraza, majembe chini, vipande mkononi. Mzee alisema tulichotaka. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia nyapara akusanye vipande vyetu vitiwe mistari. Tulivitoa wenyewe, tukifurahi. Nyapara alivipeleka barazani, meneja akavifungia sandukuni, akaingia ndani na chai yake.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Mtu asiye na kipande ni kama hakufanya kazi hata siku moja. Mzee akaanza kutembea kuelekea bomani, mjini, nasi tukamfuata.

Bwana Shauri, Mdachi aliyeamua kesi pale bomani, alijua Kiswahili vizuri. Alituuliza mkubwa wetu nani. Tulijua mkubwa anaulizwa ili apigwe kiboko.

“Bwana, hatuna mkubwa,” mzee alisema. “Tulikuwa na vipande, navyo viko kwa meneja.”

Askari alitumwa kulileta sanduku. Lilifika kesho yake pamoja na meneja. Bwana Shauri alivigeuza vipande nyuma, akaona maandishi ya kalamu ya risasi. Meneja alikiri kuwa siku zile kazi ilifanywa. Bwana Shauri akauliza aliyeandika ni nani.

Ningeweza kunyamaza. Wenzangu walitazama sakafu, hakuna aliyenitaja.

“Mimi, bwana.”

Hukumu ilikuwa fupi. Siku za mvua zihesabiwe. Sisi, kwa kuacha kazi bila ruhusa, tutengeneze barabara ya boma siku sita kila mmoja. Mimi, kwa kuchafua karatasi ya serikali, siku kumi na mbili. Meneja hakuwa na fedha ya kutulipa, kwa hiyo mpira uliokuwa ghalani ukashikwa na boma. Kodi zetu zilitolewa humo kwanza. Kilichobaki tuliahidiwa mpira ukiuzwa. Nilipata stakabadhi ya kodi tu, na mwaka uliofuata kampuni ililiacha shamba likawa pori.

Nilikwea mlima siku ya kumi na tatu, nikijua kuwa wakati wa kupanda umepita. Nilikuta mahindi yamekwisha kuota. Dada yangu anayenifuata, wa miaka kumi na miwili, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuomba watu waje kulima. Hakuwa na cha kuwapa, akawaahidi kuwa kaka yake akirudi atamlimia kila mmoja siku moja. Walikuja watu kumi na mmoja.

Nililima msimu ule na uliofuata, nikalipa siku kumi. Ya kumi na moja ilikuwa ya bibi mmoja wa jirani, mjane. Kila nilipomwendea na jembe alinirudisha.

“Bado, mjukuu wangu. Siku yangu nitaitaka mwenyewe.”

Alifariki hajaitaka. Nilimwendea mwanawe, akasema yeye hajaachiwa neno lolote kuhusu siku hiyo, na hawezi kuisamehe wala kuipokea. Siku hiyo bado ninadaiwa.