Niliweka mtego wa wageni kwenye tovuti yangu, ukamnasa dada yangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Maneno hayo nimeyasema miaka mingi, dukani, kijiweni, hata kwenye misiba ya watu. Lori langu lilizama mtoni na mzigo wote, nikanunua jingine. Nimedhulumiwa, nimefilisika, nimeinuka. Nilikuwa nawaambia watu: kitakachonishangaza ni kaburi tu, na lenyewe ni ile siku ya kwanza, nikishalizoea basi.

Leo nakiri mbele yenu, ndugu zangu: nilishangazwa. Na kosa ni langu peke yangu. Msinitafutie wa kumsingizia.

Jina langu niachieni. Mimi ni mtu wa Handeni, umri umeshavuka hamsini. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, mama yetu akiwa kibarua wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Shule niliishia darasa la tano. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, malori mawili na mashine ya kusaga. Sijisifu, nasema kilichopo. Haya, najisifu kidogo.

Sasa nikasikia kuna mfanyabiashara mwenzangu ana tovuti yenye jina lake. Nikauliza, yeye ana nini ambacho mimi sina? Nikamwita binti yangu Rehema, aliyesomea kompyuta, nikamwambia anitengenezee yangu.

"Ya duka, baba?"

"Ya duka ya nini? Yangu mimi. Watu wajue nilikotoka."

Akatengeneza. Mimi nasema, yeye anaandika. Mwanzo kabisa nikamwambia aweke: "Nimefika hapa kwa jasho langu. Sikusaidiwa na mtu." Akasita kidogo, akaniangalia. Nikamwambia andika. Akaandika.

Ikatakiwa picha ya utotoni. Picha iko moja tu katika ukoo wetu wote, ilipigwa na mpiga picha wa kuzungukazunguka aliyepita kambini. Mama kakaa kwenye kigoda, kanipakata. Picha hiyo alikuwa nayo dada yangu mkubwa, anakaa Mkumbara. Nikaenda kuiazima. Akaitoa ndani ya msahafu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akanipa kwa mikono miwili. "Uirudishe, Kadogo." Hilo ndilo jina alilonipa yeye tangu nikiwa mchanga. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuniita hivyo.

Dada mwenyewe alikuwamo pichani, kasimama pembeni, msichana mdogo, gauni limechanika begani. Nikamwambia kijana wa duka la kutoa kopi pale Korogwe: huyo mtoe, weka mama na mimi tu. Akamtoa. Picha halisi nikaiacha palepale, nikasema nitapita kesho. Sikupita. Nilipokuja kukumbuka, lile duka lilikuwa limeshahama na kila karatasi yake. Dada akiuliza, namwambia iko kwa fundi wa fremu.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia.

Tovuti ilipokaa hewani nikataka kujua watu wangapi wananitazama. Rehema akanieleza kuna programu za kuhesabu wageni, na ziko za namna mbili. Ya kwanza ya bure, inahesabu tu vichwa. Leo wamekuja kadhaa, wamesoma ukurasa huu, basi. Haimwandami mtu. Ya pili ya kulipia. Hiyo inakuambia nchi ya mgeni, simu aliyotumia, dakika alizokaa, alichobonyeza. Na ukitaka, inamwekea kijidirisha cha kumwomba aonyeshe mahali alipo. Akikubali, unaona kidoti chekundu kwenye ramani.

"Baba, chukua ya kwanza," akasema. "Hii ni tovuti ya jina lako, haiuzi hata msumari. Dukani kwako mteja akiingia, unamfuata hadi kwake ukaone anakolala?"

"Mimi sinunui mzani usiosoma gramu," nikamjibu. "Na cha bure kina mwenyewe. Lete ya kulipia."

"Mtu anayekuja kukusoma hajaja kupekuliwa, baba."

"Mwenye nia njema hafichi nyumba yake."

Jamani! Maneno matamu yakitoka, machungu yakirudi.

Nikalipa. Mwanzoni raha tupu! Namba zinapanda kama maji ya masika. Nikawa naenda nazo kijiweni, nawaonyesha. "Huyu Marekani. Huyu Urusi. Huyu sijui wapi huku." Rafiki yangu Mhina anakunywa kahawa ananitazama. "Sasa hao Marekani wanataka mabati au misumari?" Wenzake wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Sikujali. Nilijiona dunia nzima iko mlangoni kwangu.

Kisha nikamwona mgeni mmoja.

Simu ya bei ya chini, ya zamani. Anakuja alfajiri, kila siku. Hasomi chochote. Anakwenda moja kwa moja kwenye picha ya mama na mimi, anakaa hapohapo, muda mrefu. Programu ikaonyesha kwamba anaivuta picha kwa vidole, anaikuza, anaikuza tena. Halafu anatoka.

Nikamweleza Mhina. Akaweka kikombe chini. "Picha yako? Alfajiri? Kila siku?" Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, hiyo siyo heri."

Wiki ileile lori likapasua tairi mbili safari moja, na mota ya mashine ya kusaga ikaungua. Nani angenishika sasa? Nikamwamuru Rehema awashe kile kijidirisha cha mahali. Siku mbili hazikuisha, kidoti kikatua. Mkumbara.

Mkumbara nina mtu mmoja tu.

Niseme na hili, maana nimekuja kukiri. Miezi michache nyuma dada alinipigia simu kuwa macho yake yanafifia, akaomba nimsaidie elfu sabini ya miwani. Nikamwambia mambo yamekaza, asubiri. Hayakuwa yamekaza. Kwa hiyo kidoti kilipotua kwake, moyo wangu wenye hatia ukanipa jibu harakaharaka: ana kinyongo. Kapeleka picha yangu kwa mganga!

Rehema akaniomba karibu kupiga magoti. "Baba, huyo ni shangazi. Mpigie simu umuulize tu."

"Nimpigie nimwambie nini? Aniroge taratibu?"

"Labda amekukumbuka."

Nikacheka. Wallahi, nilicheka.

Jumapili ile kulikuwa na arobaini ya baba yetu mdogo kule Mashewa. Ukoo wote ulikuwepo, na majirani. Dua imesomwa, watu wameshakula, wanawake wako upande wao wa mkeka. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nakumbuka.

"Ndugu zangu, nina neno. Kuna mtu humu ndani kila alfajiri anafungua picha yangu na kuikodolea macho. Nina ushahidi, nimeulipia." Nikainua simu juu, kidoti kinaonekana. "Mtu huyo yuko Mkumbara. Namuuliza mbele yenu: anaitafutia nini picha yangu?"

Mtu mmoja akasema, "Mkumbara si kwa..." Shingo zote zikageuka upande wa wanawake.

Dada akainuka polepole, kashika bega la aliyekaa mbele yake. Hakukasirika. Laiti angekasirika!

"Ni mimi," akasema.

"Mnasikia!" nikapaza sauti. "Amekiri mwenyewe!"

Akafungua fundo la kanga, akatoa simu. Mkwewe ndiye aliyempa, na akamwekea ile picha ifunguke kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu dada hajui kusoma. Akabonyeza. Akaivuta kwa vidole viwili, mama akajaa kwenye kioo.

"Picha yangu uliiazima hukurudisha," akasema. "Na macho yangu ni haya. Kwenye simu anakuwa mkubwa, namwona. Nikimaliza kuswali namsalimia mama, ndipo naenda shamba. Juzi kikatokea kitu kama dirisha, kina maandishi. Nikaogopa picha isije ikafungwa. Nikabonyeza."

Mimi nimesimama. Kanzu imenibana.

Akaivuta picha zaidi, upande wa ukingoni. Akampa simu mama mmoja aliyekaa karibu, simu ikapita mkono kwa mkono hadi ikafika kwangu. Kwenye kioo kulikuwa na mguu wa mtoto mchanga, na vidole vinne vya msichana vimeushika. Vidole tu. Mwenyewe hayupo.

"Huo ni mkono wangu," dada akasema. "Ulikuwa unarusha mateke, mpiga picha akaniambia nikushike. Ndicho kilichobaki changu." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanitafuna: "Mimi sikuwa nakuangalia wewe, Kadogo. Nilikuwa namwangalia mama."

Aibu gani ile! Hakuna aliyenizomea. Watu walianza kukusanya sahani, hata zenye chakula.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Aliyenilea ni yule. Aliyekosa shule ili mimi niende ni yule, nami nikaitupa hiyo shule darasa la tano. Mtaji wangu wa kwanza, gunia tatu za machungwa, ulitokana na mbuzi wake wawili. Na mimi nimeiandikia dunia: sikusaidiwa na mtu.

Nilirudi Handeni. Rehema akafungua ile programu, akaketi karibu yangu. Safari hii hakunibembeleza.

"Hawa wa Marekani na Urusi si watu, baba. Ni mashine zinazozunguka mtandaoni zikigusa kila mlango. Nilikwambia ukanifukuza."

"Na huyu wa Handeni? Huyu anaingia mara nyingi kuliko wote."

"Huyo ni wewe."

Nikamuuliza, sasa ukitoa mashine, ukanitoa na mimi, anabaki nani? Akanionyesha kwenye ramani. Kilibaki kidoti kimoja.

Yaani katika dunia nzima, mtu mwenye nyama na damu aliyekuwa akija kila siku alikuwa mmoja. Na wala hakuja kwa ajili yangu!

Yale maneno ya "sikusaidiwa na mtu" tumeyafuta. Picha hatukuigusa. Nilimtafuta yule kijana wa kopi Korogwe yote, nikampata anauza vifuniko vya simu. Akaniambia mashine yake aliiuza, na makaratasi ya watu ambao hawakurudi aliyachoma. Kwa hiyo yule msichana mwenye gauni lililochanika hayupo tena popote duniani. Niliyemtoa ni mimi. Nawezaje kumrudisha?

Na kidoti hakikurudi. Kila alfajiri nikawa naamka, natawadha, nafungua ramani. Mkumbara pamezimika. Naswali, nafungua tena. Hakuna kitu.

Nilipoona siwezi tena, nikaenda. Nilibeba mchele, sukari, mafuta, kama mtu anayekwenda kuposa. Dada akanitandikia jamvi jipya, akanipa chai kwenye kikombe cha kisahani, kile cha wageni. Zamani nilikuwa nakunywa kwenye kikombe cha bati, nikichota mwenyewe jikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, mzee."

Mzee! Yeye ananizidi miaka tisa. Nikangoja aseme lile jina langu. Nimekaa pale mpaka jua likaegemea milima, nangoja, hakulisema.

Nikamwomba radhi. Nililia, na mimi ni mtu niliyezika watoto wawili bila kulia mbele za watu. Akasema, "Nimeshasamehe, mzee. Hayo yamepita." Kwa upole kabisa, kama anavyomjibu mtu wa sensa. Nikamwambia simu iko pale, afungue wakati wowote, ule mtego nimeutoa jana, hakuna anayemwona tena.

"Siwezi," akasema. "Kila nikiishika naona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu."

"Basi twende Korogwe mjini kesho, ukapimwe macho. Nikununulie miwani nzuri."

Akatabasamu kidogo. "Nikaangalie nini sasa, mzee?"

Ndugu zangu, na nyie mnaojipiga kifua kama nilivyokuwa mimi, sikilizeni. Ukiwa na mlango wa watu kuingia, wa dukani au wa mtandaoni, hesabu vichwa kama ni lazima, halafu ushukuru. Usimwandame mtu hadi kwake. Na ukimwona ndugu yako anakuchungulia, usimsimamishe mbele ya watu kumhoji. Mpigie simu. Mwambie umemkumbuka. Huenda wewe ndiye uliyechukua kitu chake.

Nilipokuwa natoka, dada alinisindikiza mpaka barabarani, kwa heshima zote. Kabla sijapanda gari akaniuliza.

"Samahani, mzee. Hicho kitu kilichokwambia kuwa ni mimi, ulikilipia shilingi ngapi?"

"Hela kidogo tu, dada."

"Ngapi?"

Nikatazama chini, nikamtajia.

Laki moja na elfu arobaini na tano.