Pampu Niliyoitangazia Msiba

Cheka ukipenda, msomaji, ila usimwambie mtu.

Mimi ni fundi haidroli, yaani wa mitambo inayosukumwa kwa nguvu ya mafuta, hapa Shanwe, Mpanda. Wiki iliyopita nilitumwa kununua sensa ya spidi ya mita yetu ya kupimia mafuta ya mitambo. Ndani ya mita kuna gurudumu linalozungushwa na mafuta, na sensa ndiyo inayohesabu mizunguko. Dukani nikachagua iliyong'aa kuliko zote.

"Kaka, hii inasoma sumaku," Adela, fundi mwenzangu, alinionya. "Gurudumu letu halina sumaku."

"Dada, mimi haya nimeyasomea," nikamjibu, nikaifunga kwenye mita.

Kesho yake mteja wetu, Mzee Masanja, akaleta kijiko chake, mtambo wa kuchimbia, kutoka Kabungu, akisema siku hizi kinachimba kivivu. Nikaunganisha mita kwenye pampu yake ya mafuta, nikawasha injini. Mita ikasoma sifuri. Nikavua kofia.

"Pole, mzee. Pampu imekufa kabisa. Hata tone la mafuta halipiti."

Mzee akajiketisha juu ya tairi. "Basi itabidi niuze ng'ombe, mwanangu."

Wateja wakasogea, nami nikapata hadhira. Nikawa nawaeleza jinsi pampu zinavyokufa ghafla, hata sikumwona Adela akipanda kwenye kiti cha dereva na kuvuta mkono wa kunyanyulia ndoo.

Ndoo ya kijiko ikanyanyuka juu, taratibu, bila shida yoyote. Mita bado ilisoma sifuri.

Mzee Masanja akaitazama ndoo, akaitazama mita, kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwanangu, kama mafuta hayapiti, ile ndoo inanyanyuliwa na malaika?"