Nilipeleka shanga za ukoo zikapimwe kwa leza, mama akapoteza shamba

Wakuu, heshima kwenu. Atakayesema hii ni chai aje Morogoro. Mama yuko sebuleni kwangu Kihonda, atamwona mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia chuoni. Umri umekwenda, kitambi kipo, na nina ile tabia ya wasomi ya kujibu maswali ambayo hatujaulizwa.

Sisi ni Waluguru. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Ukoo wetu una matumbo mawili, na lile kubwa, yaani letu, ndilo linaloamua nani alime wapi. Ushahidi wa ukubwa ni shanga za kioo alizokuja nazo bibi mwanzilishi. Mtunzaji ni Mjomba Mkude, kaka yake mama, huko juu ukishapita Mlali.

Sasa Mzee Kobelo wa tumbo la pili akasimama kwenye kikao cha ukoo. Akasema shanga za Mkude ni za dukani, kwa hiyo bonde la kabichi analolima mama si letu.

Mjomba akapandwa na hasira. Mimi nikanyoosha mkono.

Nikawaeleza kuwa ipo mashine Dar. Shanga inamulikwa kwa leza. Mwanga mwingi unarudi vilevile, ila sehemu ndogo inarudi imebadilika rangi kidogo, kwa sababu ya mtikisiko wa atomi ndani ya kioo. Ukiusoma mwanga huo uliotawanyika, unajua kioo kimejengwaje na kimetiwa rangi gani. Shanga haikwaruzwi hata kidogo.

"Na inasema kweli?" Kobelo akauliza.

"Mzee, mashine haina ndugu."

Watu wakacheka. Wakakubaliana: mashine ikisema, mjadala umefungwa. Nilijisikia mtu, wakuu.

Mjomba akaingia ndani, akatoka na shanga tatu nyekundu ndani ya kitambaa. Zilikuwa zinang'aa kweli.

(Kwa mliokimbia fizikia: atomi za fuwele zimepangwa kama askari gwarideni. Za kioo ni kama watu wa sokoni walioganda ghafla, kila mmoja pale alipokutwa. Ndiyo maana kule Dar, kwenye skrini ya mashine, kioo hakitoi michongoko, kinatoa vilima. Nilipoviona nikakumbuka Uluguru, nikapiga picha kama mjinga.)

Rafiki yangu wa maabara hakupiga picha. Alisema, "Hiki ni kioo cha kiwandani. Na huu wekundu ni wa seleniamu, mambo ya kisasa haya. Huenda mama yako ni mkubwa kuliko hizi shanga."

Nikapanda mlima, nikamwambia Mjomba peke yake kwanza.

Akanishangaa. "Kwani ulitaka nikupe zile zenyewe?"

"Zipi tena, Mjomba?"

"Uzi ukikatika, nyingine zinapotea, tunanunua za kujazia. Za bibi hazitoki nyumbani. Nimekupa za kujazia, ndizo safi, wasomi wenzako wasione uchafu. Si kioo kilekile?"

Kikaoni tulieleza yote hayo. Kobelo akasubiri tumalize.

"Mwalimu, si ulisema haina ndugu? Leo imepata mjomba?"

Safari hii walicheka watu wake tu. Bonde likaenda tumbo la pili. Mama aling'oa kabichi zikiwa changa, mche kwa mche, asiwaachie.

Nilirudi kumbembeleza Mjomba. Nikamwambia twende Dar pamoja, zile za bibi azishike mwenyewe mkononi, mimi sitazigusa. Jibu likiwa zuri, tunaitisha kikao upya.

Akauliza, "Na hizo nazo zikija za juzi?"

"Mjomba, si unajua ni za bibi?"

"Nilikuwa najua."

Mpaka leo hajakubali.

Nilichojifunza: mashine haikukosea. Iliulizwa habari za shanga tatu ikajibu habari za shanga tatu. Sisi ndio tuliosikia habari za ukoo mzima. Ukipewa kitu cha kupima, uliza kimetoka wapi, hata kama aliyekupa ni mjomba wako.

Mama anaamini kaka yake ana hasira tu, zitapoa. Kila asubuhi ananiuliza, "Amekubali?" Namjibu bado. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba Mjomba anaogopa.

Mngekuwa ninyi mngemwambia? Karibuni. Hata matusi napokea.