Picha ya Mama Iliyokosa Rangi

Viti ndivyo vilivyonishtua kwanza. Ilikuwa Jumamosi, kazi za jamii za kila wiki zimetoka kumalizika na magari yameruhusiwa tena kutembea, nami nilikuwa uani kwetu Kanyosha, Bujumbura, naanika nguo. Nikaona wanaume wa mtaani wakiingia langoni na viti vya plastiki vichwani. Hawakusalimu kwa sauti. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatikisa kichwa, akaenda kuvipanga viti kando ya ukuta. Nyuma yake jirani yetu akaingia na turubai lake la bluu begani. Nikasema moyoni, hawa wamekosea nyumba.

Hawakuwa wamekosea. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakafuata, vitenge vimefungwa juu ya nguo, mmoja amebeba sufuria kubwa. Aliiweka chini, akanikumbatia, akaanza kulia shingoni mwangu.

"Pole, mutoto wangu. Mama alikuwa mutu. Mungu alimupenda kutushinda sisi."

Mkononi nilikuwa bado nimeshika blauzi mbichi ya mama. Mama mwenyewe nilikuwa nimemwacha jikoni muda mfupi tu uliopita, ananigombeza kwamba nimezidisha chumvi kwenye maharagwe. Nilidhani ameanguka nyuma ya mgongo wangu na watu wamejua kabla yangu. Nikaitupa ile blauzi, nikakimbilia jikoni.

Alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda chake, anachambua mboga za lengalenga.

"Nani analia huko inje?" akaniuliza. "Nani amekufa?"

Akajifuta mikono, akanipita, akatoka mlangoni.

Nimeona watu wakishtuka maishani mwangu, lakini sijawahi kuona ua mzima ukishtuka kwa pamoja. Yule mwenye sufuria alipiga yowe akakimbilia langoni. Katekista wetu akafanya ishara ya msalaba. Mwanamume mmoja aliyekuwa anajiandaa kukaa alikosa kiti, akakaa chini kwenye vumbi. Mama akasimama mlangoni na majani ya lengalenga yamemganda vidoleni, akiwatazama mmoja mmoja.

"Juu ya nini munaniangalia vile? Nimeuliza, nani amekufa?"

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo sana: "Ni we, mama."

Ni lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa.

Mama alikuwa ametoka hospitali. Walimpasua tumbo, akalazwa muda mrefu, na kuna siku ambazo hata sisi watoto wake tuliacha kuulizana kama atapona. Alipopona alitaka jambo moja tu: misa ya shukrani, na baadaye watu waje nyumbani wale. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao. Naifanya katika ofisi ndogo kule Kigobe, kwa wafanyabiashara wanaotaka bidhaa zao zionekane kwenye simu. Nikamwambia mama nitamtengenezea mwaliko wake: ukurasa wenye picha yake, siku, saa na ramani ya kanisa, nitume kiungo kwa jamaa wote.

"Tuma kwa bote," mama akaniambia. "Lakini mumoja tu njo namungojea."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ni dada yake, ambaye yeye humwita yaya na mimi mama mkubwa, anayeishi Mutakura. Mji mmoja, mabasi mawili, na alikuwa hajakanyaga kwetu kwa miaka. Hawa wawili walitoka Uvira, upande wa Kongo, pamoja wangali wasichana, wakauza vitenge pamoja, wakalala kitanda kimoja. Kisha bibi, mama yao, akafa. Mama mkubwa alikuwa amevuka kwenda Bukavu kuchukua bidhaa, barabara ikafungwa, simu haipatikani. Wanaume wa familia wakasema maiti haiwezi kungoja, na mama akakubali. Mama mkubwa alifika akakuta udongo umeshafunikwa na viti vinarudishwa kwa wenyewe. Hakulia. Alimwambia mama kwamba nyumba yake hataikanyaga tena, akaondoka, na yeye si mtu wa maneno mawili. Hata mama alipolazwa hakuja. Tuliambiwa alikuwa anauliza habari zake kwa watu wengine, basi.

Kwa hiyo ule ukurasa niliutengeneza kama mtu anayejenga daraja. Kiungo nilimtumia mama mkubwa kwanza kabla ya wengine wote, Ijumaa jioni. Alama zikaonyesha ameshafungua. Hakujibu neno. Mama aliniuliza mara ngapi sijui, "Amejibu?" Nami nikasema apana, na kila mara akasema si kitu, na akaniuliza tena.

Sasa turudi uani.

"Nani amewaambia?" nikapaza sauti. Wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili.

"Si ni we mwenyewe?" akasema yule jirani wa turubai. "Ulituma communiqué ya kifo."

"Nilituma mwaliko!"

Akanipa simu yake. Mungu wangu. Nikaishika kwa mikono miwili. Kwanza nilifikiri ni kazi ya mtu mwingine. Kioo kizima kilikuwa cheusi. Katikati, uso wa mama kwa rangi ya majivu, anatabasamu kama marehemu wanavyotabasamu. Juu yake, kwa herufi kubwa: *Misa ya*. Basi, neno la pili hakuna, limekatwa ukingoni. Chini yake: *Mama yetu mpendwa*. Kisha siku, saa, na jina la kanisa.

Kila mtu wa Bujumbura anajua picha ya namna hiyo. Inaingia kwenye kundi la familia, hujasoma hata neno moja, tayari umeshashika kichwa. Na kwetu mtu haipigii simu nyumba yenye msiba kuuliza kama ni kweli. Hiyo ni aibu kubwa. Unachukua kiti, unakuja. Ndiyo maana hakuna aliyenipigia. Walilala na huzuni yao, wakamaliza kazi za jamii, wakaja.

Nikaomba simu nyingine, na nyingine, nikapita kati ya waombolezaji nazikusanya kama mtoza sadaka. Nikaleta kompyuta yangu, nikakaa kwenye kiti cha matanga, simu zimepangwa mbele yangu juu ya benchi. Nyingi zilikuwa vilevile. Moja ilimwonyesha mama ana rangi lakini amevutwa kwa marefu, kichwa kama papai. Nyingine ilionyesha maandishi juu ya uso wake. Kwenye kompyuta yangu, huyo hapo, mzuri, kitenge chake cha rangi ya machungwa kinawaka juu ya ukurasa mweupe.

Kuna lugha tunayoiandikia kurasa iitwayo CSS. Kazi yake ni kuuvisha ukurasa: rangi ipi, upana gani, herufi ziwe kubwa kiasi gani. Unaandika mara moja, lakini kila simu na kila kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa, kinasoma agizo lako kwa tabia yake, kama mafundi cherehani uliowapa kipimo kimoja wakakushonea nguo tofauti. Hilo ninalijua, nalipwa kwa kulijua. Ila sikujua linaweza kumuua mtu.

Picha kwanza. Kwa kutaka uzuri, niliiagiza ikae bila rangi, na rangi itokee pale kipanya cha kompyuta kinapopita juu yake. Kwenye kompyuta inapendeza sana. Simu haina kipanya! Mwenye simu angeigusa picha kwa kidole pengine rangi ingekuja, lakini nani anamgusa marehemu usoni?

Weusi nao haukutoka kwangu. Umeme wetu mnaujua. Watu wameziweka simu zao katika hali ya giza ili chaji isogeesogee, na baadhi ya vivinjari vinaulazimisha kila ukurasa uwe mweusi hata kama mwenyewe uliuacha mweupe. Sikuwa nimeandika lolote la kuvizuia. Tena wengi wa jumuiya ni watu wazima, wamekuza herufi ili waone. Kichwa cha habari nilikiamuru kisikatike katika mistari miwili, na chochote kinachozidi upana kifichwe. Kwa herufi zile kubwa, kilichozidi kilikuwa neno *Shukrani*.

Nilivitukana vivinjari vyote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mbele ya katekista.

"Taratibu, ma fille, mutoto wangu," akasema. "Mama yako iko muzima. Tukana pole pole."

Nikafuta ule ujinga wa kipanya, picha ikawa na rangi tangu mwanzo. Nikakiruhusu kichwa cha habari kishuke mstari wa pili. Nikaandika rangi za hali ya giza mimi mwenyewe, ili kivinjari kisinichagulie. Nikaujaza ukurasa upya kwenye kila simu. Watu wakainamia benchi kutazama, na katika kila simu mama alipojitokeza na kitenge chake cha machungwa walipiga makofi. Simu moja ilikataa kabisa, imeng'ang'ania nakala ya jana, nikaisafisha kumbukumbu yake mpaka ikasalimu amri. Hofu ilikuwa imegeuka utani. Wakamwita mama mufufuka. Yule wa sufuria alikuwa amerudi, ana aibu, anasema wali umeshaiva na hauwezi kurudi nyumbani. Turubai likafungwa hivyohivyo, kwa ajili ya jua. Mama akaingia ndani kutoa sahani, anacheka huku ameshika mshono wa tumbo.

Nilikuwa nacheka pia. Kisha kicheko kikaniganda, maana niliwaza sasa tu: kiungo kile nilimtumia nani kwanza?

Nikainua macho, naye alikuwa langoni.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Baadaye nilijua kwamba mabasi hayakuwa na mafuta, na kwamba alitembea kutoka Mutakura hadi mjini ndipo akapata nafasi. Alijifunga kitenge kiunoni, rozari mkononi, na begi la nguo begani, begi la mtu anayekuja kulala matanga mpaka mwisho. Hakututazama sisi. Alitazama mlango wa nyumba.

"Muko naye wapi?" akasema. "Mushamuzika?"

Wengine walikuwa wameshika vijiko.

"Naongea na batu! Mara hii hamutamuzika bila mi. Musinifanyie vile mulifanya kwa mama. Apana! Munionyeshe mudogo wangu."

Sauti ilimkatika hapo. Nikasimama, nikasema "Mama mukubwa," lakini mlangoni mama alikuwa ameshatokea na sahani ya chakula.

Walitazamana. Begi likaanguka. Mama mkubwa akatembea polepole mpaka mbele ya mama, akamgusa shavu, akamgusa shingo, akamfinya mkono juu ya kiwiko kama mtu anayejaribu kitambaa.

"We uko muzima?"

"Niko muzima, yaya."

"Mi nilikuya kukuzika."

"Naona."

Akamchapa kofi la bega, kofi la kweli, mchuzi ukamwagika. Kisha akageuka, akatuona na wali wetu na midomo yetu iliyokuwa inacheka, uso wake ukakunjamana kwa hasira. "Munanichezea? Mutu mukubwa, munamutembeza kwa miguu juu ya kumuchezea?" Akainama kuchukua begi lake.

Nikaruka mbele yake. Nilimwomba simu yake, nikampigia magoti kabisa, nikamweleza mbiombio habari za kipanya na za giza na za herufi, mambo ambayo hayaingii akilini mwa mtu aliyekuja kuzika. Simu ilikuwa bado imefunguka palepale, mama wa majivu juu ya weusi. Nadhani hakuwa ameufunga ule ukurasa tangu jana yake. Nikaujaza upya mbele ya macho yake. Rangi ikaja. *Misa ya*, na chini yake, kwenye mstari wa pili, *Shukrani*.

Akausoma wote, polepole, midomo inacheza. Akaurudia tena tangu juu. Nilibaki pale naomba Mungu moyoni, nikijiambia kwamba sasa ameelewa, sasa ataona alikuwa amealikwa kwenye furaha na yeye wa kwanza.

Akanirudishia macho.

"Kama ungenitumia hii ya rangi," akasema, "mi singekuya."

Aliyasema bila hasira, na watu wote wakasikia. Mimi nilibaki na simu yake mkononi. Nilimtazama mama, nikiogopa.

Mama alikuwa ameshavuta kiti.

"Najua, yaya," akasema. "Kaa, ule."