Siku Mtani Aliposema Kweli

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Umekuja kuniaga kwamba wewe na wenzako mnakwenda kupiga hema kwenye korongo la mto, kule hifadhini. Nimekuuliza mtalala upande gani, ukacheka, ukasema, "Bibi, na wewe unapenda kutisha watu." Basi kaa chini kwanza.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi, na mitumba imejaa minadani hadi Mwandoya. Kaka yangu Masunga, ambaye ng'ombe wa mahari yake walikuwa tayari zizini, akanunua hema la mtumba. Alikuwa amewaona watalii wakipita Lamadi na magari yao, basi naye akataka kupumzika kama wao. Kupumzika kwenyewe, wala hakuwa amechoka. Akanichukua mimi mdogo wake, tukaenda korongoni, akasimamisha hema katikati ya mto, kwenye mchanga mkavu, eti pana kivuli na ni laini mgongoni.

Hapo tukamkuta mzee Sitta akinywesha ng'ombe kwenye visima vilivyochimbwa mchangani. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. "Mwangaluka," akatusalimu, na baada ya hapo hakutupa nafasi: mara hema ni banda la kuku, mara mchumba wa Masunga amekubali kwa kuwa haoni vizuri. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mchana akatazama mawingu upande wa Serengeti, akaanza kupandisha ng'ombe wake haraka.

"Masunga, toka mchangani. Huko juu mvua inanyesha, mto unakuja."

Kaka akatazama jua lilivyokuwa likiwaka. "Mtani wangu, leo umeishiwa. Tafuta utani mwingine."

Mzee akarudia, na kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kuchekwa. Mwishowe akanigeukia mimi. "Binti, njoo unisaidie kuswaga ndama." Ningemkatalia vipi mzee? Nikapanda naye ukingoni. Ndama hawajafika juu wote, tukasikia mngurumo, na maji ya tope yakatokea kwenye kona yakisukuma magogo.

Kaka aliyaona. Nafasi ya kutoka alikuwa nayo, mwanangu, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Akageuka kung'oa vigingi vya hema. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Sikio la kufa halisikii dawa. Tulimpata jioni, mbali kule chini.

Kwetu mtani akija msibani huchekesha wafiwa. Hata kaburini huingia, akadai apewe kuku ndipo atoke. Watu walimsubiri mzee Sitta. Alisimama kofia mkononi, akamwambia baba, "Nimemtania tangu anatambaa. Siku niliyosema kweli, sikuwa na sauti nyingine ya kuisemea." Hakuna aliyecheka.

Usinisomee methali ya asiyesikia la mkuu. Masunga aliijua, tena alipenda kuwaambia wengine. Mimi na wewe nasi ni watani, bibi na mjukuu, na nimekuzoesha kucheka kila nikifungua mdomo. Leo funga wako unisikilize. Hema lenu lisimame juu, mbali na mto, hata kama mchanga ni mkavu na jua linawaka, maana mvua inayojaza mto hainyeshi pale ulipo. Askari wa hifadhi akikuambia toka, toka, ucheke ukishafika juu. Na maji yakija, acha hema, acha simu, acha viatu. Vyote hivyo vinauzwa mnadani.

Haya, nenda. Mungu akutangulie, mababu wakulinde, na urudi hapa unitanie mpaka nikuchoke.