Picha ya Kukaa Juu ya Jeneza

Studio yangu iko Ngarenaro, kati ya fundi makochi na duka la vipuri vya pikipiki, na siku hizi inaishi kwa picha za pasipoti na za msiba. Nyingine zote watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Kwa hiyo yule mama alipoingia asubuhi, kitenge chake cha kanisani kimenyooshwa pasi, akasema anataka picha ya msiba, sikushangaa. Nilimwamkia, nikampa pole, nikamuuliza marehemu ni nani.

"Ni mimi," akasema.

Nilibaki nimeshika kifuniko cha lenzi kama mjinga. Mama mwenyewe mzima wa afya, ametelemka kutoka mlimani Meru na mkoba wake begani, mashavu yamejaa.

"Usinikodolee macho, mwanangu. Watoto wangu wana picha yangu moja tu nzuri, ya harusi ya mkubwa. Nimecheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Nikifa wataiweka hiyo hiyo juu ya jeneza. Sasa fikiria, wamesimama pale wanagombania shamba, na mimi nawachekea! Nipige picha ya hasira. Wakiniangalia waone aibu."

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Basi nikamkalisha kwenye stuli, nikawasha taa, nikamwambia awafikirie hao wanawe. Akakunja uso, nikapiga. Nikapiga tena na tena. Midomo ilikaza vizuri kabisa, lakini macho yaligoma. Kila picha yalikuwa yanakimbia pembeni, kama ya mtu anayesikia mlango unabishwa na hataki kufungua.

Mimi sina subira, na wapo wanaosema sina adabu. Lakini nyuso ndizo zinazonilisha, na uso wa mtu huwezi kuupa maelekezo ukatii. Nikamgeuzia kamera ajione.

"Mama, hapa hasira hamna. Wewe unaogopa."

Aliitazama ile picha mpaka nikajuta kusema. Kisha akatamka polepole, "Masale niliyahamisha mimi."

Sisi tuliozaliwa mlimani tunapanda mmea wa masale kuwa mpaka wa shamba, na anayeyang'oa ili ausogeze mpaka, kwetu hata mchawi ana nafuu. Na huyu alikuwa mama, mtu wa kanisa, kakaa kwenye stuli yangu! Alisema marehemu mumewe aliwagawia vijana wao wawili shamba sawa kwa sawa. Yeye mama akausogeza mpaka ukaingia kwenye kahawa ya mkubwa, kwa kuwa mdogo ndiye anayemtekea maji na kumpeleka hospitali. Tangu hapo mkubwa anamwita mdogo mwizi, mdogo anamwita mkubwa mwongo. Hata kanisani hawasalimiani.

"Mtumie mkubwa hiyo," akaniambia, akanipa simu yake.

Nikaipiga kwa simu hiyo ile picha ya kwenye kamera, nikatuma. Muda si muda simu ikaita. Akanisukumia, "Mwambie wewe, mwanangu. Mimi sina mdomo." Nikakataa katakata. Nikaweka spika, nikamshikisha.

"Mama, nani kakutisha hivyo?" Sauti ya mwanaume, ina wasiwasi.

Akafumba macho. "Baba, yale masale. Siyo mdogo wako. Ni mimi niliyeyahamisha."

Nilitegemea kelele, au simu ikatwe.

"Najua, mama. Siku ile nilikuwa kwenye migomba. Nilikuona."

Yule mama akafumbua macho.

"Uliniona, ukanyamaza? Ukamwita mwenzako mwizi?"

"Ningesemaje mbele ya ukoo kwamba mama yangu kang'oa masale? Nikaona bora nimpoteze mdogo wangu."