Vinukta Vinne katika Kitabu cha Mzee

Kosa langu lilikuwa kujaza mapengo ambayo hakuna aliyeniomba niyajaze. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kilichopoteza jalada, na niliishi kwa hofu kwamba siku moja mtu angegundua sijasomea popote. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara tatu. Niliamini anayekagua mara tatu hakosei.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kebirigo alikuwa na kompyuta kuukuu, iliyotoka katika ofisi fulani ya Nairobi na kuuzwa na Mhindi mwenye duka la redio mjini Kisii. Sasa mwanawe alikuwa amemnunulia mpya katika duka lilo hilo, na mwenye duka alikubali kuichukua ile ya zamani, mradi irudi ikiwa tupu.

"Usiniletee barua za watu," aliniambia. "Futa, halafu futa tena."

Mimi ndiye niliyetumwa kuhamisha akaunti ya mzee kutoka mashine moja hadi nyingine.

Ndani ya akaunti hiyo mlikuwa na kitabu. Mzee alikuwa akisimulia maisha yake kwa Kiswahili, kwa sababu wajukuu wake wa Nairobi hawakujua lugha yetu ya Ekegusii. Daktari alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho ingemfunga macho, pengine kabla ya mwaka kwisha, naye alitaka kitabu kiishe kwanza. Asubuhi alizungumza kwenye kaseti. Jioni mkaza mwana wake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sote tulimwita Madam, aliisikiliza kaseti na kupiga chapa. Kisha alimsomea yaliyoandikwa, yeye akiwa mezani karibu na mlango, mzee akiwa kwenye kiti chake barazani.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilinakili faili kwenye disketi kumi na moja na kuzipa namba kwa wino mwekundu. Sikuhamisha kitabu peke yake. Nilihamisha pia kamusi ndogo ambayo Madam alikuwa ameijenga ndani ya mashine, neno baada ya neno, ili majina ya vijiji na koo yasipigiwe mstari mwekundu kana kwamba ni makosa. Fundi mwingine angeisahau. Nilijivuna sana kwa kuikumbuka, na sitaficha kwamba hata leo najivuna kidogo.

Nilipofungua kurasa kuzilinganisha, niliona mapengo. Mahali pengi, katikati ya sentensi nzima, palikuwa na vinukta vinne na hakuna neno. "Mwalimu mkuu akaniita, '....', njoo mbele." "Mama akalia, '....', usiende." Diski ya mashine ya zamani ilikuwa na sehemu mbovu, nilikuwa nimeziona wakati wa kuikagua, na nikaamua kwamba ndizo zilizokula maneno. Nikachukua kaseti na kusikiliza. Kila palipokuwa na vinukta, mzee alikuwa amelitaja jina lake mwenyewe, jinsi watu walivyomwita. Nikaiagiza kompyuta itafute vinukta vyote vinne na kuweka jina. Ilijaza mapengo yote kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

Sikuishia hapo. Neno la siri la akaunti lilikuwa jina la ng'ombe wao wa maziwa. Niliona si jambo la heshima kwa mwandishi wa kitabu, nikaweka jina hilo hilo la mzee, alilopewa alipozaliwa. Nilimwandikia Madam kwenye karatasi na kumkabidhi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa sweta.

"Kuna shida, Madam?"

"Hakuna, fundi. Asante."

Nikairudisha mashine ya zamani Kisii, nikaifuta mara mbili mbele ya mwenye duka.

Wiki tatu baadaye mzee alinitumia mtu. Nilifika na disketi zote kumi na moja kwenye mfuko. Alinipokea barazani. Aliinamisha kichwa upande mmoja ili anione kwa pembe ya jicho.

"Kijana, mashine yako ni nzuri kweli?"

"Ni nzuri, Mzee."

"Basi mbona kitabu changu kimelala? Tangu ulipoondoka sijasomewa hata ukurasa. Nikiuliza naambiwa kesho. Mimi kesho sina nyingi za kugawa."

Madam alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga. Hapo nilifanya jambo ninalolionea aibu kuliko kosa lenyewe. Nilisema, "Labda Madam hajaizoea hii mpya." Nilijua si kweli. Alikuwa akipiga chapa kwa kasi kuliko mimi.

Aliingia ndani na beseni lake.

Nilikaa mbele ya kompyuta hadi saa sita mchana nikitafuta hitilafu. Faili zilikuwa nzima. Kamusi ilikuwapo. Nilizima, nikawasha. Mke wa mzee aliniletea chai, akakaa kwenye kochi kunitazama. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kucheka kwa mabega.

"Umeona ugonjwa?" aliuliza.

"Bado, Mama. Mashine ni nzima."

"Mashine ni nzima. Mgonjwa ni wewe." Akamimina chai. "Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Ikonge."

"Kumbe ni mtoto wa hapa hapa. Nilidhani umeokotwa Nairobi. Mama yako humwitaje baba wa mumewe?"

"Humwita mzee wa kule juu."

"Jina lake hulitaja?"

"Hapana, Mama."

"Ukimpa karatasi yenye jina hilo umwambie, soma kwa sauti, na mwenyewe ameketi pale anasikiliza?"

Niliweka kikombe chini.

"Kunywa chai," alisema. "Nawe unasema umesoma vitabu."

Nilikuwa nimekua ndani ya chinsoni, heshima ile inayomzuia mke kulitaja jina la baba mkwe, kama nilivyokua ndani ya ukungu wa asubuhi. Haikunijia kwamba inaweza kufika kwenye kibodi. Mama alinieleza yaliyobaki, bila kuharakisha. Madam alipokuwa akisoma, alipofika kwenye vinukta alinyamaza, na mzee, kutoka barazani, alilitaja jina lake mwenyewe. Kisha wakaendelea. Sura ikichapishwa karatasini, mzee aliziba mapengo kwa kalamu yake, kwa mwandiko wa ubaoni. Ndivyo walivyokubaliana. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimemfungia Madam mlango, nikamwambia ufunguo ni jina lile, na ndani nikalitawanya kila ukurasa. Asingeweza kunieleza tatizo bila kulisogelea jina hilo, wala hakutaka kumshtaki fundi mbele ya mkwe wake.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Nililitoa jina kila mahali, nikarudisha vinukta vinne vinne. Neno la siri likawa tena jina la ng'ombe. Kisha nikatoka hadi jikoni.

"Madam, nilisema uongo pale nje."

"Nilisikia," alisema. Alikuwa akichambua chinsaga, zile mboga za beseni. "Ng'ombe amerudi?"

"Amerudi."

"Haya. Kamwambie Mzee leo jioni tunasoma."

Nilibaki kusikiliza. Alisoma kwa sauti ya darasani, iliyonyooka. "Mwalimu mkuu akaniita," akanyamaza. Kutoka barazani mzee akalitaja jina lake, polepole kidogo, kama mtu anayeitikia mahudhurio. Wakaendelea.

Kitabu kilimalizika kupigwa chapa. Macho ya mzee yalifungika kabla ya kazi ya kalamu kwisha. Nimeziona kurasa hizo. Mwanzoni jina limekaa sawa juu ya vinukta. Kisha linaanza kuteleza nje ya mstari, na kurasa ishirini na mbili za mwisho zina vinukta vitupu. Mwanawe alitaka kuzijaza, mzee akasema ziachwe. Wiki tatu zingetosha kurasa ishirini na mbili. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi zaidi ya tatu.

Bado nakagua kila kitu mara tatu. Lakini sasa nahamisha kitu kama kilivyo, na nikikuta pengo, namwuliza anayelitumia.